Baridi ya Masisi na Baridi ya Ulaya

Wageni wengi waliofika katika milima ya Masisi wameipa jina la Uswisi ya Kongo. Wakitazama vilima vyenye majani mabichi, ng'ombe wakilisha mitelemkoni, ukungu wa asubuhi na jibini ya duara ipelekwayo sokoni Goma, hudhani wamerudishwa Ulaya. Jina hilo ni zuri, nalo limewapendeza hata wenyeji. Lakini mtu akilishika neno kwa neno, atadhani ya kuwa majira ya Masisi ni kama majira ya Ulaya, na tena atasahau mali kubwa tuliyo nayo sisi ambayo Ulaya haina.

Baridi ya Masisi yatoka katika urefu wa milima. Baridi ya Ulaya yatoka katika mwendo wa mwaka wa jua. Hizo ni baridi mbili zenye asili mbili, na kila moja humpa mkulima kalenda yake, ghala lake na hatari yake. Wapenzi wasomaji, twataka kuzieleza zote mbili, na kwa upande wa Ulaya tutaichagua nchi ya Ubelgiji. Huko ndiko walikotoka mapadri, masista na watawa wengi waliokuja kwetu, na huko ndiko wanakoishi leo ndugu zetu wengi, hasa katika mtaa wa Matonge mjini Brussels.

Kwa nini Ulaya ina majira manne

Watoto wengi husema ya kuwa Wazungu huona baridi kwa sababu wakati huo dunia imekwenda mbali na jua. Sivyo. Kila mwaka, katika siku za kwanza za Januari, dunia yetu hulikaribia jua kuliko wakati mwingine wowote, na ndio wakati ule ule ambapo Ubelgiji watetemeka kwa baridi.

Sababu ya kweli ni kwamba dunia imeinama. Mhimili wake umelala upande kwa digrii 23 na nusu, wala mwinamo huo haugeuki dunia inapolizunguka jua. Basi tangu Machi hadi Septemba upande wa kaskazini ndio unaolielekea jua. Tangu Septemba hadi Machi ni zamu ya upande wa kusini. Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili nyumbani. Achukue tochi usiku, aimulike ukutani akiwa ameishika wima kabisa kwa ukuta: ataona duara dogo lenye mwanga mkali. Kisha aipindishe: mwanga ule ule utatawanyika mahali papana, nao utafifia. Jua la Ubelgiji katika mwezi wa Desemba ni kama tochi iliyopindishwa. Linapita chini karibu na upeo wa nchi, na joto lake limetawanyika.

Mji wa Brussels uko karibu digrii 51 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo karibu na tarehe 21 Desemba mchana wake una saa 8 tu, na usiku una saa 16. Wanafunzi huenda shuleni gizani na kurudi nyumbani jua likiwa limekwisha au likiisha kuzama. Karibu na tarehe 21 Juni mambo hugeuka: mchana wapata saa 16 na nusu, na watoto hulazwa kitandani nje kukiwa bado kweupe. Ndugu zetu waliohamia huko husema ya kuwa kilichowashinda kwanza hakikuwa baridi, kwa maana koti lanunuliwa. Kilichowashinda ni giza.

Mwaka wa mkulima wa Ubelgiji

Majira ya kwanza huitwa majira ya kuchipua, nayo huanza karibu na tarehe 20 Machi. Miti iliyokuwa mitupu kama kuni hutoa majani mapya. Ng'ombe waliofungiwa zizini tangu Novemba hutolewa nje. Na katika Aprili viazi hupandwa. Baada yake huja majira ya joto, tangu Juni hadi Septemba. Wakati huo nyasi hukatwa na kukaushwa ili ziwe chakula cha mifugo, na ngano huvunwa katika Julai na Agosti. Joto la Julai kwa wastani ni digrii 18 au 19 tu, yaani kama siku ya kawaida katika Masisi!

Tena huja majira ya kupukutika majani, tangu Septemba hadi Desemba. Viazi huchimbuliwa, matunda huchumwa, na ngano mpya hupandwa udongoni, ambamo italala mpaka mwaka mwingine. Mwisho huja majira ya baridi. Joto la Januari kwa wastani ni digrii 3 au 4, na usiku mara nyingi maji huganda. Hata hivyo tusidhani ya kuwa theluji huifunika nchi nzima kwa miezi mitatu. Upepo wa Bahari ya Atlantiki huleta hewa yenye unyevu na uvuguvugu, hata baridi ya Ubelgiji ni ndogo sana kuliko ile ya Kanada au Siberia katika digrii zile zile. Katika nchi tambarare theluji huanguka siku chache, kisha huyeyuka. Kinachoanguka mara nyingi ni mvua. Naam, Ubelgiji hupata mvua katika miezi yote kumi na miwili, karibu sawasawa. Mkulima wa huko hahesabu majira kwa mvua, kwa kuwa mvua haimwachi. Huyahesabu kwa joto na kwa mwanga.

Hapa yapo mafundisho ya kwanza. Mbelgiji ana wakati mmoja tu wa kukuza chakula. Asipokipata kabla ya Novemba, hatakipata mpaka mwaka ujao. Historia yao yaonyesha jinsi jambo hilo lilivyo kali. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi katika mashamba ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata nafaka nayo ikapungua. Njaa iliingia katika nchi ya Flandria, na maelfu ya maskini wakafa kwa njaa na kwa magonjwa yaliyoifuata. Hao hawakuwa wavivu. Walipoteza msimu, na msimu haukurudi.

Masisi na Walikale katika mstari mmoja

Sasa turudi kwetu. Tukitazama ramani, twaona jambo la kustaajabisha: Masisi na Walikale ziko karibu katika mstari mmoja, yapata digrii moja na nusu kusini ya Ikweta. Jua linalozimulika ni moja, na urefu wa mchana ni mmoja, yaani saa 12 hivi katika mwezi wowote. Lakini mtu akiondoka Masisi asubuhi amevaa sweta na kuteremka kwenda Walikale, atalivua njiani.

Tofauti yatoka katika urefu wa nchi. Mji wa Walikale, kando ya mto Lowa, uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika msitu mkubwa wa Kongo. Vilima vingi vya Masisi hupita mita 2,000. Hewa ikipanda juu hupanuka, na ikipanuka hupoa. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ndiyo sababu Walikale huona joto lenye unyevu mwaka mzima, hali Masisi huwasha moto jioni. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoshika barafu juu ya mlima Ruwenzori, wenye mita 5,109, ingawa mlima huo uko karibu kabisa na Ikweta. Na kwa kulinganisha tuseme hivi: mahali pa juu kabisa katika Ubelgiji nzima, paitwapo Botrange, pana mita 694 tu. Kilele cha Ubelgiji kiko chini ya milima yetu kwa mbali. Nchi hiyo haikupata baridi yake kwa kupanda juu. Ilipata kwa kukaa mbali na Ikweta.

Mwaka 1954 watawa Watrapisti wa abasia ya Scourmont, kusini mwa Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto katika Masisi, karibu na maziwa yenye jina hilo. Mtawa aliyetoka Ubelgiji alikuta hewa ya Mokoto ikifanana na ile ya kwao katika Mei au Septemba. Lakini angengoja bure majani ya miti yapukutike yote kwa pamoja, na angengoja bure mchana ufupike. Desemba ikaja, na jua likatua saa ile ile ya jioni kama mwezi wa Juni. Masisi ina ubaridi kila siku. Majira ya baridi haina kamwe.

Majira yetu manne

Je, sisi hatuna majira? Tunayo, nayo ni manne vilevile, ila yamepimwa kwa maji. Wasomaji wetu wanaosema Kinyarwanda huyaita umuhindo, urugaryi, itumba na impeshyi, na kila lugha ya milima hii ina majina yake. Mvua ya kwanza huanza mwisho wa Agosti au katika Septemba na kuendelea hadi Desemba. Kisha huja kiangazi kifupi katika Januari na mwanzo wa Februari. Halafu mvua ya pili huanza Februari na kupata nguvu katika Machi na Aprili, hata Mei. Mwisho huja kiangazi kirefu cha Juni, Julai na sehemu ya Agosti, wakati vumbi linapopanda barabarani na moshi wa mashamba unapofunika anga.

Sababu yake ni jua tena, ila kwa namna nyingine. Hapa kwetu jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: yapata tarehe 17 Machi, na tena yapata tarehe 26 Septemba. Linapokuwa juu ya Ikweta huichemsha nchi. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na kumwaga maji. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua kaskazini na kusini, kama mbwa amfuatavyo bwana wake kwa kuchelewa kidogo. Ndiyo maana mvua zetu kubwa ni mbili. Katika Walikale mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa msitu wenyewe hupumua maji. Mizizi huyanyonya udongoni, majani huyarudisha angani, nayo huanguka tena. Hivyo mvua ya Walikale katika sehemu nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na hata katika Julai msitu haukauki kabisa.

Tena Masisi na Walikale hupeana. Mito inayoanza katika vilima vya Masisi huteremka na kuujaza mto Lowa, nao hupita Walikale na kuingia katika mto mkubwa wa Kongo. Unyevu wa msitu hupanda na kuwa mawingu. Mtu wa mlimani akidhani ya kuwa msitu wa bondeni haumhusu, au mtu wa msituni akidhani ya kuwa miti ya mlimani haimhusu, wote wawili wamekosea.

Kutokana na majira haya tumepata ile mali tuliyoitaja hapo mwanzo. Mkulima wa Masisi aweza kupanda maharagwe na viazi vya Kizungu katika Septemba na kuvuna karibu na Noeli. Kisha hupanda tena katika Februari au Machi na kuvuna katika Juni au Julai. Hata katika kiangazi, wenye mashamba mabondeni penye unyevu hupanda mboga. Mbelgiji hupanda viazi vyake mara moja; sisi twapewa mara mbili. Na wala ng'ombe wetu hawana haja ya kufungiwa zizini miezi mitano.

Ghala la namna tatu

Sasa mzazi mmoja atauliza: ikiwa twapewa mara mbili, kwa nini katika nyumba nyingi sufuria huwa tupu katika Novemba na tena katika Mei, kabla ya mavuno? Swali hili ni la haki, nasi hatutalijibu kwa kuwalaumu maskini. Lakini sehemu moja ya jibu iko katika ghala.

Majira ya baridi ni mwalimu mkali. Yalimlazimisha Mbelgiji kwa karne nyingi kuweka akiba: nyasi kavu darini, viazi katika chumba cha chini ya nyumba, nyama iliyotiwa chumvi, maziwa ya majira ya joto yaliyogeuzwa jibini. Asiyeweka akiba hakuiona Pasaka. Sisi hatukupewa mwalimu huyo. Kwa kuwa msimu mwingine u karibu daima, ni rahisi kuuza gunia lote siku ya mavuno, wakati bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza, kisha kununua maharagwe hayo hayo baada ya miezi mitatu kwa bei ya juu. Huko ni kuuza mvua ya Septemba ili kununua njaa ya Mei.

Kila mahali pana ghala lipafaalo. Masisi, kwa ubaridi wake, ni mahali pazuri pa kutunza mbegu, maana wadudu wa nafaka huzaana polepole penye baridi. Maharagwe yaliyokauka vizuri juani, yakachanganywa na majivu safi na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa, hudumu mpaka msimu mwingine. Maziwa yanayokosa gari la kuyapeleka Goma hugeuzwa jibini, nayo husafirishwa hata Kinshasa. Katika Walikale joto na unyevu huozesha kila kitu upesi. Kwa hiyo wazee wa huko walichagua ghala jingine, nalo ni ardhi yenyewe. Muhogo uliokomaa hungoja udongoni kwa miezi mingi, nao huchimbuliwa siku unapohitajiwa. Migomba nayo haizai yote siku moja. Mkungu huu ukiisha, mwingine wakomaa. Mtu wa Walikale hakosi akili kwa kutokuwa na ghala la mbao kama la Ulaya. Ghala lake liko chini ya miguu yake.

Kalenda ya Kanisa na kalenda ya jembe

Sikukuu za Kanisa zilianza kuadhimishwa katika nchi za kaskazini, nazo zimebeba alama za majira ya huko. Noeli huja wakati usiku wao umekuwa mrefu kupita wote na mwanga waanza kurudi. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, miti yao inapochipua. Kwetu sisi alama ni nyingine, wala si hafifu. Noeli huja maharagwe ya kwanza yanapovunwa, hata mtoto Yesu hukaribishwa katika nyumba yenye chakula kipya. Pasaka huja katikati ya mvua kubwa, mashamba yakiwa mabichi na kazi ya palizi ikiwa nyingi. Kwaresima yetu huenda pamoja na upungufu wa akiba: wengi hufunga kwa imani, na wengi hufunga kwa kukosa.

Zamani Kanisa zima lilikuwa na siku za kufunga na kusali mara nne kwa mwaka, zilizoitwa siku za majira manne. Zilikuwa katika Desemba, katika Kwaresima, baada ya Pentekoste na katika Septemba. Utaratibu mpya wa kalenda wa mwaka 1969 uliwaachia maaskofu wa kila nchi kuzipanga siku hizo kwa kadiri ya mahali na mahitaji ya watu. Maana yake ni kwamba Kanisa lajua ya kuwa Mungu mmoja ameumba mvua za namna nyingi. Parokia ya mlimani yaweza kubariki mbegu mwanzoni mwa Septemba na tena mwishoni mwa Februari, nayo haitakuwa imeiga mtu.

Neno moja kwa wanafunzi na wazazi wao: katika Kongo mwaka wa shule nao huanza mapema Septemba, yaani katika majuma yale yale ya kupanda. Mzazi hutafuta fedha za daftari na fedha za mbegu kwa siku moja, na mtoto huhitajiwa darasani na shambani. Mwenye kulijua hilo tangu Julai, mavuno yakiwa bado nyumbani, huweka pembeni debe la mbegu na bei ya daftari kabla ya kuuza kitu chochote.

Msimu ulioibiwa

Hata hivyo ghala jema halitoshi mahali ambapo watu hawawezi kulala katika nyumba zao. Tangu zaidi ya miaka thelathini Masisi na Walikale zimepita vitani mara nyingi. Watawa wa Mokoto wenyewe ilibidi waiache monasteri yao katika Mei 1996, baada ya watu waliokimbilia kwao kuuawa, nao wakahamia Keshero karibu na Goma. Katika miaka ya hivi karibuni maelfu kwa maelfu ya jamaa za Masisi walikimbilia kambi zilizozunguka Goma. Mwanzo wa mwaka 2025 vita vikaingia Goma. Katika Februari kambi zikabomolewa, na watu wakarudi vilimani katika majuma ya kupanda, wengi wao bila mbegu wala jembe. Mwezi wa Machi mwaka huo huo vita vikafika Walikale mjini, na watu wakaingia msituni.

Tukitaja habari hizi, magazeti huhesabu watu waliokimbia. Sisi twaomba pia ihesabiwe misimu. Jamaa inayokimbia katika Septemba imepoteza maharagwe ya Noeli. Jamaa inayokimbia katika Machi imepoteza chakula cha Julai. Na jamaa iliyokula mbegu yake njiani kwa sababu ya njaa imepoteza hata msimu ambao haujafika. Kama vile viazi vilivyooza mwaka 1845 vilivyoleta makaburi ya miaka iliyofuata, ndivyo msimu mmoja ulioibiwa katika Masisi unavyoonekana katika uso wa mtoto baada ya miezi sita. Kwa hiyo mwenye kumpa jirani aliyerudi kikombe cha mbegu katika Februari ametoa sadaka kubwa kuliko gunia la unga katika Juni. Na mwenye silaha anayewazuia watu kupanda, au kuwatoza fedha njiani waendapo shambani, ajue ya kuwa ameiba mbele ya Mungu, ingawa hakuchukua kitu chochote ghalani.

Mlima usio na miti

Mwizi mwingine wa majira ni mlima uliovuliwa miti. Mvua ya Masisi huanguka kwa nguvu juu ya mitelemko mikali. Penye miti na nyasi, maji huzama polepole. Penye udongo mtupu, huteremka pamoja na shamba. Katika Aprili 2023, katika kijiji kimoja cha Masisi, udongo uliporomoka na kuwafunika wanawake na watoto waliokuwa wakifua na kuosha vyombo chini ya kilima. Watu wapatao 20 wakafa. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei, mafuriko katika Kalehe, wilaya inayopakana na Masisi, yaliua zaidi ya watu 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi.

Wala tusidhani ya kuwa nchi tajiri zimesalimika. Katika Julai 2021, wakati wa majira ya joto, mvua kubwa mashariki mwa Ubelgiji ilifurisha mto Vesdre na kuua watu wapatao 40. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 25 Julai 2019, Brussels ilipata joto la karibu digrii 40, ambalo halikupata kupimwa huko kabla ya siku hiyo. Dunia inazidi kupata joto, kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, hasa ya nchi tajiri. Na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kisha huyamwaga kwa ghafula. Hilo hatukulianzisha sisi. Lakini ukingo wa nyasi unaokatiza shamba la mtelemko, mfereji unaofuata mzingo wa kilima, na mstari wa miti juu ya shamba, hayo yako mikononi mwetu, nayo hayangoji mtu wa mbali.

Daftari la mvua

Twamalizia kwa kazi moja kwa wanafunzi. Watu wa Brussels wanajua ya kuwa siku fulani ilikuwa na joto kupita siku zote kwa sababu wamepima na kuandika hali ya hewa tangu mwaka 1833, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Hekima hiyo haihitaji mashine kubwa. Mkebe wenye ubavu ulionyoka, uliowekwa wima mahali pa wazi pasipo mti wala paa, na rula ya shule vyatosha kuanzia. Kila asubuhi, kwa saa ile ile, mwanafunzi apime milimita ngapi za maji zimo, aziandike pamoja na tarehe, kisha amwage maji. Aandike pia siku maharagwe yalipopandwa, siku yalipochanua, na siku yalipovunwa.

Shule moja ya mlimani na shule moja ya msituni zikifanya hivyo kwa miaka kumi, zitakuwa na kitabu ambacho hakuna mgeni aliyetuandikia: kitabu cha majira ya Masisi na Walikale. Mkulima atakayeuliza kama mvua ya Septemba imeanza kuchelewa, au ni masikitiko ya wazee tu, atajibiwa kwa hesabu. Na watoto watakaoendelea kusoma majira manne ya Ulaya katika vitabu vya shule watayasoma bila kuyaonea wivu, maana watakuwa wameyaandika yao.